Thomas Hardy: Msee wa Ocha Aliyefungia Mashairi Miaka 30, Kisha Jina Lake Likaishia kwa Chupa ya Bia

Kuna bia moja ya Uingereza ambayo ukiinunua leo, wenye wanaijua watakuambia usiifungue. Iweke. Iache kabatini hadi mtoi wako aingie sekondari. Kama uko na roho ngumu, ngoja amalize chuo. Lebo yake ya zamani ilisema wazi kwamba ikitunzwa fiti inaweza kuendelea kuiva ndani ya chupa kwa miaka 25. Nguvu yake ni kama asilimia 12, karibu mara tatu ya bia ya kawaida unayoagiza Ijumaa jioni. Inaitwa Thomas Hardy's Ale.

Ukisikia hilo jina utadhani Hardy ndiye alikuwa mwenye kiwanda, sonko fulani wa pombe. Zii. Alikuwa mwandishi wa vitabu, mtoto wa mwashi kutoka ocha, na hakuwahi kuonja hiyo bia hata tone moja. Ilitengenezwa mara ya kwanza 1968, wakati yeye alikuwa ameshadedi kitambo, miaka 40 kamili.

Na kuna kitu cha kushangaza zaidi. Fungua vitabu vya huyu jamaa uone tei inafanya nini humo ndani. Msee analewa na kuuza bibi yake. Wanaume wa shamba zima wanazima usiku wa mvua na mavuno yanabaki nje. Buda analewa, na binti yake ndiye analipa deni hadi mwisho. Hata beste yake wa karibu kabisa, yule aliyemfungulia macho kwa vitabu, alimezwa na chupa. Sasa ilikuwaje mji wake ukaamua kumkumbuka kwa bia, tena moja ya kali zaidi nchini? Jibu liko kwa maisha yake, na hayo maisha yana mambo.

Hardy alizaliwa tarehe 2 Juni 1840 katika kijiji kinaitwa Higher Bockhampton, kaunti ya Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, imejengwa na baba wa babu yake, karibu na msitu na nyika. Alipotoka tumboni kila mtu alidhani mtoto amekufa. Wakamweka kando wamshughulikie mathe. Ni yule mama mzalishaji aliyemwangalia mara ya pili na kugundua kumbe kanapumua. Yaani kidogo tu tungekosa stori yote.

Buda yake alikuwa fundi wa mawe na mpiga fidla, mtu wa harusi na densi za kijijini. Mathe yake, Jemima, aliwahi kufanya kazi za nyumba kwa watu, lakini alipenda vitabu kuliko chakula, na ni yeye aliyesukuma kijana asome. Hardy alikuwa mtoto mdogo wa mwili, mwenye afya ya wasiwasi. Shule ilikuwa mjini Dorchester, karibu kilomita tano kwenda na tano kurudi, kwa miguu. Doo ya chuo kikuu haikuwepo. Kwa hivyo akiwa na miaka 16 akapelekwa kujifunza kazi kwa msanifu wa majengo pale Dorchester, John Hicks. Kuchora makanisa, kupima kuta, hiyo ndiyo ilikuwa life.

Mwaka huo huo, Agosti 1856, akaona kitu ambacho hakikumtoka tena. Mwanamke anaitwa Martha Brown alinyongwa hadharani nje ya gereza la Dorchester kwa kumuua mume wake, mume aliyekuwa amemchapa. Mvua ilikuwa inanyesha. Hardy alikuwa karibu na mti wa kunyongea. Kijana wa miaka 16 alitazama yote, akaenda nyumbani, akanyamaza. Shika hiyo tarehe, tutairudia.

Pale mjini ndipo alikutana na Horace Moule, mtoto wa kasisi, mkubwa kwake kwa miaka nane. Moule alikuwa amepitia Oxford na Cambridge, anajua Kigiriki, anaandika magazetini. Alimchukua huyu kijana wa mwashi kama ndugu mdogo. Alimpa vitabu, akamwelekeza asome nini, akamfanya aamini kwamba mtu wa ocha anaweza kuandika. Lakini Moule alikuwa na shida. Alikunywa. Si ile ya kukunywa Jumamosi na washikaji, ilikuwa ile ya kupotea siku kadhaa na familia kuanza kumsaka. Kila mtu aliyempenda alijua, na hakuna aliyejua la kufanya. Kama umewahi kuwa na mtu kama huyo nyumbani, hauhitaji kuelezewa zaidi.

1862 Hardy akaland London, miaka 21, kufanya kazi kwa msanifu mkubwa, Arthur Blomfield. Moja ya kazi alizopewa ilikuwa ya kutisha. Kampuni ya reli ilitaka kupitisha njia kwenye makaburi ya zamani ya St Pancras, na Hardy akawekwa kusimamia ufukuaji wa maiti usiku, mafundi wakifukua nyuma ya uzio ili wapita njia wasione. Jenga taswira ya kijana mpole anayesimama usiku wa baridi akihesabu majeneza.

Mchana alichora, na kwa muda wake alikuwa anaandika mashairi. Mengi. Akayatuma kwa magazeti, yakarudi. Akatuma tena, yakarudi tena. Wengi wetu tungeyatupa kwa moto na kurudi kwa michoro. Hardy hakuyatupa yote. Mengine aliyafungia. Hayo mashairi ya miaka ya 1860 yalikaa zaidi ya miaka 30 kabla mtu wa nje ayasome, na baadhi yake leo ndiyo yanahesabiwa kati ya bora zake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ungeweza kujua huyu ni mtu wa aina gani. Alikuwa na subira ya mtu anayejua kitu kilichofungwa vizuri hakiozi.

London ilimchosha mwili. 1867 akarudi Dorset, akaandika riwaya ya kwanza, ikakataliwa. Ya pili ilikubaliwa, lakini kwa masharti ya kikora: mwandishi mwenyewe atoe pauni 75 kusaidia gharama za uchapishaji. Akatoa. Kitabu kikatoka 1871 bila jina lake na mkosoaji mmoja akakichana vibaya.

Lakini kati ya hayo yote kulikuwa na Emma.

Machi 7, 1870, Jumatatu, Hardy alitumwa Cornwall kupima kanisa bovu la St Juliot lililotakiwa kukarabatiwa. Mlangoni mwa nyumba ya kasisi akafunguliwa na dame wa nywele za rangi ya mahindi, shemeji ya kasisi, Emma Gifford. Walikuwa karibu umri sawa, wote miaka 29. Emma alipanda farasi kando ya majabali ya bahari kama hana uoga. Jamaa alikwisha hapo hapo. Emma ndiye alimwambia aachane na ramani za makanisa aandike, na akawa anamnakilia kazi zake kwa mkono. Baba ya Emma hakutaka kuskia, ati mtoto wa mwashi anaoa kwetu? Wakaoana London, Septemba 1874, karibu bila jamaa zao.

Mwaka mmoja kabla ya harusi, Septemba 1873, Moule alijiua chumbani mwake Cambridge. Alikuwa na miaka 41. Hardy alikuwa katikati ya kuandika kitabu kilichokuja kumfanya maarufu, Far from the Madding Crowd. Gazeti la Cornhill lilimlipa pauni 400 kwa hicho kitabu, akaacha usanifu.

Sasa soma hicho kitabu ukijua kilichompata Moule. Kuna sajenti handsome, Troy, ameoa mwenye shamba. Usiku wa sherehe ya mavuno anawalewesha wafanyakazi wote kwa brandi, anafukuza wanawake na watoto, wanaume wote wanazima sakafuni. Nje radi inakuja. Mavuno ya mwaka mzima yako wazi. Ni msee mmoja tu hakulewa, Gabriel Oak, na anapanda juu ya marundo ya nafaka peke yake gizani kuyafunika, umeme ukipiga, hadi mwenye shamba mwenyewe anakuja kumsaidia. Siwezi kuapa kwamba Hardy alikuwa anamfikiria beste yake. Lakini tangu hapo, tei kwenye vitabu vyake haikuwa mchezo tena.

Isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo ilizaa bia yetu.

1880 alitoa riwaya ya The Trumpet-Major, stori ya mapenzi ya wakati Napoleon alikuwa anatisha kuvamia Uingereza. Mle ndani kuna sherehe kwa msaga nafaka, na wageni wanaletewa bia kali ya Dorchester. Hardy akasimamisha stori kidogo na kuanza kuisifu hiyo bia kama mtu anayesifu dame wake. Rangi, uzito, ladha, hakuacha kitu. Akamalizia na utani: kwamba ilikuwa na nguvu hadi mgeni akikamatwa amelewa mjini, mahakimu walimwachilia akionyesha tu kwamba hakuwa anaijua pombe ya pale. Hakuna mwanadamu angeweza kujikinga akiingia mji huo bila onyo.

Na hakuwa anatunga. Dorchester ilikuwa na jina kwa bia zake tangu zamani, maji yake yakipita kwenye miamba ya chokaa, shayiri ikilimwa pande zote. Kabla ya friji, bia kali zilikuwa zinatengenezwa wakati wa baridi na kuwekwa stoo za chini ya ardhi miezi mingi, wakati mwingine miaka. Nyumba kubwa za mababi zilitengeneza bia mtoto akizaliwa na kuifungua akifika miaka 21. Pombe yenyewe pamoja na hopsi ndiyo iliilinda isiharibike. Kwa hivyo kuweka bia nyumbani si mambo ya juzi, ni tabia ya zamani ya ocha ya Uingereza.

Miaka sita baadaye, 1886, Hardy akaonyesha upande wa pili. The Mayor of Casterbridge inaanza na Henchard, kijana wa miaka 21 hana kazi, anaingia kwa hema la uji kwenye maonyesho ya mifugo. Muuza uji anatia ramu kwa siri. Bakuli la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kufikia hapo Henchard ananadi bibi yake na mtoto mchanga mbele ya umati, na baharia mmoja anawanunua kwa gini tano. Asubuhi anaamka, hema tupu. Anaingia kanisani na kuapa hatagusa pombe kwa miaka 21, mwaka mmoja kwa kila mwaka alioishi. Anaomoka, anakuwa meya wa mji. Lakini ile siku inamfuata. Miaka 21 inapoisha, mambo yote yameshaanza kumgeukia, na yeye anakaa chini na kuagiza.

Kama unadhani mambo ya kuuza bibi ni chumvi, Hardy alikuwa amekaa kusoma magazeti ya zamani ya Dorset, na kesi za hivyo zilikuwa zimeripotiwa humo kweli. Na huo mji wa Casterbridge ni Dorchester yenyewe, kabadilisha jina tu. Wakati huo tayari alikuwa amejenga nyumba yake nje ya mji, Max Gate, michoro yake mwenyewe, na familia yake ndiyo walikuwa mafundi. Aliingia humo 1885 na hakuhama tena hadi kifo.

Tess ilitoka 1891. Msichana maskini ambaye buda yake amelewa usiku ule alitakiwa kupeleka mizinga ya nyuki sokoni, so Tess anaenda badala yake, analala njiani, farasi wao anakufa, na kutoka hapo ni mteremko mpaka kitanzi. Ndio, kitanzi. Yule mwanamke wa mvua ya 1856 alikuwa amekaa ndani ya kichwa cha Hardy miaka 35, na hata uzeeni alikuwa bado anaandika barua kuhusu ile asubuhi. Kitabu kiliuza noma.

Kisha 1895 Jude the Obscure ikawasha moto. Ndoa, dini, chuo kikuu, Hardy alivigonga vyote. Askofu wa Wakefield alitangaza kwamba amekitupa motoni. Nyumbani pia kulikuwa kumechafuka. Emma, mtu wa kanisa, alikichukia. Aliona kinashambulia ndoa, na ndoa iliyo karibu zaidi ilikuwa yake. Hardy akaachana na riwaya kabisa. Alikuwa na 14, maarufu dunia nzima, na akaacha.

Hapo ndipo alifungua stoo. 1898, akiwa na miaka 58, alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Wessex Poems, na ndani yake kulikuwa na yale ya London ya miaka ya 1860. Watu walimshangaa, ati mzee ameanza kubahatisha. Aliandika zaidi ya 900 kabla ya kufa.

Sasa tuje kwa Emma, kwa sababu hii sehemu inauma. Hawakuwa na watoto. Polepole waliacha kuongea. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1890 Emma alihamia vyumba vya darini, akawa anaishi huko juu, Hardy chini na karatasi zake. Wageni walikuja Max Gate wakaona watu wawili wazee kwa meza moja wasioangaliana. Na Hardy alikuwa ameshazoeana na mwalimu kijana anaitwa Florence Dugdale, mdogo kwake kwa miaka karibu 39. Asubuhi ya Novemba 27, 1912, msichana wa kazi alikuja kumuita Hardy. Alipanda ngazi, akamkuta Emma anakata roho.

Alipopekua vitu vyake akapata daftari ambalo Emma alikuwa anaandika kuhusu mume wake, yote machungu. Alilichoma. Lakini akapata lingine, la kumbukumbu za usichana wake na ile siku ya St Juliot. Hapo mzee wa miaka 72 akavunjika. Machi 1913 akarudi Cornwall, mahali pale pale, na akaandika mfululizo wa mashairi ya mapenzi kwa mke ambaye alikuwa amemnyamazia miaka. Wataalamu wengi wanasema ndiyo kazi bora zaidi maishani mwake. Binafsi nikiyasoma nakasirika kidogo. Emma alikuwa hapo juu tu, ngazi chache. Angeyapenda akiwa hai.

Februari 1914 akamuoa Florence, na miezi michache baadaye kitabu chenye mashairi ya Emma kikatoka. Florence aliumia, na ni haki yake. Kalenda ya mezani ya Hardy ilibaki Jumatatu, Machi 7. Hata maisha yake alijiandikia mwenyewe kwa siri, Florence akachapa, na baada ya kifo yakatolewa kwa jina la Florence kana kwamba mke ndiye mwandishi. Karatasi za ushahidi zikachomwa. Kama ni kudhibiti picha yako, huyo mzee alikuwa mbele ya mastaa wote wa leo.

Alifariki Januari 11, 1928, miaka 87. Alitaka kuzikwa Stinsford, kanisa la nyumbani, kando ya Emma na wazazi wake. Marafiki zake wakubwa wakataka azikwe Westminster Abbey pamoja na mashujaa wa taifa. Wakakubaliana kwa njia ya ajabu: moyo ulitolewa ukazikwa Stinsford, mwili ukachomwa na majivu yakapelekwa London. Mazishi mawili, siku moja, saa moja. London jeneza lilisindikizwa na waziri mkuu, Kipling, Shaw. Kule kijijini walikuja majirani. Kuna uvumi hadi leo kwamba paka alikula ule moyo ukiwa jikoni na wakazika kingine. Ni udaku tu, hakuna aliyethibitisha, lakini Dorset bado wanausimulia.

Tufike 1968. Mji wa Dorchester ulikuwa unaadhimisha miaka 40 ya kifo chake. Kiwanda cha bia cha mji huo, Eldridge Pope, kilikuwa cha familia ambayo Hardy aliijua vizuri. 1919 alikuwa amewaandikia dibaji ya kitabu cha kumbukumbu kuhusu wana wao waliopigana vita vya kwanza vya dunia. Walichukua ile sifa ya The Trumpet-Major kama changamoto, wakajaribu kutengeneza bia inayofanana na aliyoisema. Kimea kingi sana, miezi ya kutulia kiwandani, kisha ikatiwa chupani na hamira bado hai. Ilipofika baadaye wakawa wanatoa toleo kila mwaka, mwaka ukiandikwa kwenye chupa, kila chupa na namba yake.

Wenye hamjafika miaka 18, hapa rukeni.

Hiyo bia ikiwa changa ilikuwa kama Hardy wa 1860: haikubaliki. Tamu kupita kiasi, kali, haina mpangilio. Ndiyo maana walisema ngoja. Ukiiweka, ukali wa hopsi unashuka mwaka baada ya mwaka, na oksijeni kidogo sana iliyo ndani inabadilisha utamu wa kimea polepole hadi unapata ladha ya zabibu kavu, tende, sukari iliyoungua, kitu kama mvinyo wa sheri. Hamira iliyo hai inasaidia kula ile oksijeni isifanye fujo haraka. Lakini hii mambo ni ya bia kali tu, kutoka kama asilimia 8 kwenda juu. Lager ya kawaida ukiiweka miaka haiivi. Inazeeka tu, na ladha inakuwa ya karatasi iliyolowa.

Ukipata chupa ya aina hii, hii au nyingine kali, isimamishe wima, usiilaze kama mvinyo. Ikisimama, bia inaguswa na hewa eneo dogo, masimbi yanatulia chini, na kizibo cha bati hakikai kwenye pombe. Giza ni lazima, kwa sababu mwanga unaharibu hopsi na kuleta harufu mbaya. Joto la kwao ni kama nyuzi 13, na sisi Nairobi hatuna stoo za chini ya ardhi, kwa hivyo tafuta kabati la chini kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana, mbali na jikoni, na uepuke juu ya friji kabisa. Joto kupanda na kushuka kila siku ni mbaya kuliko joto la juu kidogo lisilobadilika. Kama una doo ya kununua chupa nne au tano, fungua moja kila mwaka au miwili, ndio ujue inaelekea wapi. Moja peke yake ni kamari. Ukifungua, isiwe baridi sana, mimina pole pole, acha masimbi chini. Na glasi ni ndogo. Ni asilimia 12, Henchard alianza na bakuli la uji tu.

Eldridge Pope waliacha kuitengeneza 1999. Kampuni ndogo ya Devon, O'Hanlon's, ikaifufua 2003, ikaiacha tena baada ya toleo la 2008 kwa sababu inakula muda na pesa. 2012 jina likanunuliwa na familia ya Waitaliano wanaouza bia, na ikarudi tena sokoni. Kiwanda cha zamani pale Dorchester, kando ya reli, sasa ni mtaa wa maduka, nyumba za kukaa na sinema, unaitwa Brewery Square. Chupa za 1968 bado ziko kwenye stoo za watu, na zikipatikana zinauzwa ghali. Wengine wakizifungua wanakuta imelala, haina povu hata kidogo, na bado wanainywa.